Barua ya Metito

Manundu, Korogwe
12 Februari 2024

Mwanangu Ruthi,

Salaam nyingi kwako, kwa watoto, na kwa bibi yako mama Sipora. Mimi ni mzima wa miguu na macho, ila masikio yameniaga. Daktari amechungulia huku na huku, mwisho akachukua karatasi akaandika: "Mama, huu ni umri." Nikamwambia heri wewe umeandika. Kwa hiyo usinipigie simu, wala usinitumie hizo voisi zenu. Zikiingia kwenye simu ya Ikram, binti yangu, mimi naona kimstari tu kinakimbia. Ukiwa na neno nami, andika. Filomena wa vitunguu anakuja mnada wa kwenu kila Alhamisi na amekubali kuwa posta yetu, bure, mradi nisimwite posta mbele za watu.

Ndiye aliyeniambia umekuwa mwalimu wa taaluma pale pale nilipokufundisha ba be bi bo bu. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Lakini furaha yangu ina mwiba. Jirani ana mtoto kidato cha pili. Juzi nilimpa gazeti anisomee kichwa cha habari, akalishika kama amepewa kichanga cha watu. Kidole chake kikawa kinasugua karatasi kwenda juu. Akacheka mwenyewe, mimi sikucheka.

Unakumbuka kisomo cha watu wazima? Saa tisa alasiri, jua kali, kina mama wametoka kuteka maji maili nne, wanapanga madumu ukutani na kuketi kuandika majina yao kwa mkaa kwenye mbao za maboksi. Mama Sipora alikuwa mbele kabisa. Hawakuwa na kitu, lakini walikuwa na kiu ya kusoma. Leo watu wana kila kitu na wanataka kusimuliwa tu. Tunarudi nyuma, mwanangu, na tunarudi tukicheka. Aliyesoma hadanganyiki. Anayesikiliza tu yuko chini ya mdomo wa mwenzake.

Niambie kweli, wanafunzi wako wanasoma?

Na nikuambie jambo la ajabu. Nilidhani kiziwi huishi kimya. Sivyo. Ndani ya kichwa changu kuna mtu anasoma kwa sauti, mistari michache, anamaliza, anaanza tena. Daktari anasema ni kawaida.

Mwalimu wako,
Swaumu Mwinjuma


Oltepesi, Handeni
25 Februari 2024

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu, nikaisoma darasani watoto wakifikiri ni waraka wa wilaya. Wote walikaa wima.

Umeniuliza kweli, nakupa kweli. Wewe ulikuwa na watoto hamsini na wanane shule nzima. Mimi nina tisini na wanne chumba kimoja, na vitabu kumi na kimoja. Wanaosoma vizuri ni kama ishirini. Neema wangu, yuko darasa la sita, anasoma maandishi ya chapa kwa kusuasua kama mbuzi kwenye mawe. Naona aibu kuandika hivyo, mimi mwalimu wa taaluma.

Lakini nikupinge kidogo, kwa heshima. Koko (sisi bado tunamwita bibi hivyo) ameingizwa kwenye grupu la ukoo mwezi wa kumi na mbili. Mtu akikohoa Kiteto, Koko ameshamsikia. Amewafundisha vijana walioko Dar majina ya nyasi kumi na sita, na nyasi ipi inaponya tumbo la ndama. Wanamuuliza maswali, anawajibu kwa sauti, wengine wanahifadhi majibu yake. Huko si kusoma, nakubali. Lakini siwezi kusema ni ujinga. Miaka yote alikuwa anangoja mtu mwenye nafasi amsomee au amwandikie. Sasa anaongea mwenyewe na kusikia mwenyewe.

Sasa nije kwenye ombi. Unaijua ile barua ya mwisho ya baba mdogo Metito, ya mwaka 1991, maana ndiwe uliyeisoma mbele ya wazee. Koko ameivaa shingoni kwenye kifuko cha ngozi tangu siku hiyo. Mimi nimekua nikiisikia kama Baba Yetu: "Mama, nakuja. Msihame hapo, nisije nikawapotea. Watoto wasome." Koko huikariri jioni akikamua. Hata sasa, miaka thelathini na mitatu, hajawahi kumtafuta Metito kwenye grupu. Anasema mtu aliye njiani hatafutwi.

Mwezi huu ameanza kuumwa kifua. Amesema maneno ya kukariri yanachakaa, anataka kuisikia tena kutoka kwenye karatasi kabla hajafa. Ametangaza kwamba Neema akiweza kumsomea yote, atampa mtamba. Mimi hataki niiguse. Anasema nimeshakula zamu yangu, sasa ni ya watoto. Mwalimu, Neema amebadilika! Mtoto aliyekuwa anakimbia kitabu sasa anaamka na daftari. Shida ni moja: barua imeandikwa kwa mwandiko wa kuunga, na watoto wa siku hizi hawaujui hata kidogo. Koko anasema ndiwe uliyemfundisha Metito ule mwandiko kwenye kisomo. Tafadhali, niandikie a mpaka z kwa mkono wako, herufi zikiwa zimeshikana, nimfundishie.

Najua utafurahi. Mtoto mmoja zaidi kwenye jeshi lako.

Mwanafunzi wako,
Ruthi Mepukori


Manundu, Korogwe
4 Machi 2024

Mwanangu Ruthi,

Marahaba. Nimeipata barua yako na nimeifikiria sana.

Labda nilikuwa mkali mno. Sisi wazee tunapenda kulalamika, ndiyo starehe tuliyobakiwa nayo. Kama mama Sipora anafurahia sauti, mwache na sauti zake. Barua yenyewe anaijua kwa moyo, ya nini kumtesa mtoto na mwandiko uliokwisha kufa? Mwandiko ule ni mgumu hata kwa watu wazima. Mfundishe Neema hesabu, zitamsaidia zaidi.

Na karatasi ya mwaka 1991 sasa ni dhaifu. Ikifunguliwafunguliwa na mikono ya watoto itapasuka kwenye mikunjo, na mama Sipora atakuwa amepoteza kumbukumbu yake yote. Nipe mimi. Mpe Filomena kwenye bahasha, nitaibandika juu ya karatasi ngumu na kuirudisha. Au ninaweza kuinakili upya kwa chapa safi, Neema asome ile nakala. Mtamba atakuwa halali yake vilevile.

Herufi ulizoomba sijaziandika. Mkono unatetemeka siku hizi.

Mwalimu wako,
Swaumu


Oltepesi, Handeni
28 Machi 2024

Shikamoo Mwalimu, na Ramadhani njema,

Umenichekesha na kunishangaza. Wewe uliyenichapa kwa kuandika "g" isiyo na mkia leo unasema mwandiko umekufa! Na mkono unaotetemeka umeandika kurasa mbili zilizonyooka kama uzi. Nilimwambia Koko kuhusu kuituma barua Korogwe, akashika kifuko chake kwa mikono miwili. Haitoki.

Basi nikatumia barua zako hizi mbili badala ya herufi nilizoomba. Nilimkalisha Neema, tukatafuta a zako zote, kisha b, mpaka z. Wiki mbili tu, Mwalimu. Jumapili baada ya kanisa Koko akamwita mbele ya boma zima, akafungua kifuko. Sisi wengine tulikaa mbali kidogo, tukitabasamu, maana sote tunajua kilichomo.

Neema akasoma tarehe. Akasoma "Mama mpendwa, shikamoo." Watu wakapiga makofi. Akaendelea, kidole kwenye mstari, polepole sana: "Hameni... njooni... huku." Koko akacheka, akamwambia rudia. Akarudia yale yale. Koko akamwambia soma vizuri, hapo pameandikwa msihame. Neema akatazama karatasi, akatutazama sisi, akasema, "Koko, haipo." Koko akamnyang'anya barua kabla mimi sijafika. Akasema mbele ya wote, "Mtoto huyu kusoma hajui, ila uongo anaujua."

Tangu siku hiyo watoto wanamwita Mwongo. Jana nilimpa kitabu cha darasa lake akakifunika kwa kanga, akasema herufi zinamdanganya. Mwalimu, nina watoto sabini na zaidi wasiotaka kusoma, lakini huyu alikuwa ametaka.

Koko amesema, "Mwandikieni Swaumu. Yeye ndiye anayejua." Kwa hiyo nakuomba mstari mmoja tu, kwamba barua inasema kama tunavyoijua. Nitamwonyesha Neema ni wapi aliposoma vibaya, tuanze upya bila aibu.

Ruthi


Manundu, Korogwe
4 Aprili 2024

Ruthi,

Neema hakusoma vibaya.

Mstari uliouomba niliuandika juzi. Ulikuwa mzuri, kwa mwandiko wangu bora. Nikauweka chini ya sinia ya futari nikiwa nimepanga kumpa Filomena kesho yake. Nikaanza kufuturu, nikakisukuma kando kikombe cha uji. Ikram akaniuliza kwa mikono kama ni koo. Nikasema ni koo. Nilimfikiria mtoto wa miaka kumi na miwili aliyesoma neno lililoandikwa, akaambiwa na watu wote anaowapenda kwamba halipo. Ningeupeleka mstari ule asingesoma tena maisha yake yote, na mimi ndiye ningekuwa nimemuua msomaji huyo.

Sikiliza, nitaandika mara moja tu. Agosti ya 1991 majani yalikuwa yamekwisha Oltepesi. Maboma sita yalikuwa yanajadili kuhama kwenda Kiteto, na neno la mama Sipora ndilo lililongojwa, maana mifugo mingi ilikuwa yake. Katika wanafunzi wangu hamsini na wanane, arobaini na mmoja walitoka kwenye maboma hayo. Wewe ulikuwa darasa la pili, unasoma kuliko wa la nne. Wilaya ilikuwa imeshaniambia, watoto wakipungua, walimu tunahamishwa na darasa linafungwa. Nilikuwa nimejenga ukuta wa darasa lile kwa mikono yangu, mimi na kina mama.

Barua ikafika siku ya kikao chenyewe. Mama Sipora akanipa mbele ya wazee nisome. Nikaifungua nikiwa nimesimama. Nimeishika kichwani neno kwa neno mpaka leo:

"Mama mpendwa, shikamoo. Mimi ni mzima. Hameni, njooni huku wote. Kiteto kuna majani na maji, nimepata mahali petu. Nitawapokea pale njia ya ng'ombe inapovuka korongo, nami nitasubiri mpaka masika. Najua niliondoka kwa ugomvi na nilikutukana. Msipokuja nitajua kwamba hujanisamehe, na sitawasumbua tena. Ni mimi mwanao, Metito."

Macho yangu yaliyaona hayo. Mdomo wangu ukasema yale mnayoyakariri. Hata sikutetemeka. Niliongeza na "watoto wasome" kana kwamba nawasalimia kwa niaba yake. Mama Sipora akalia kwa furaha, wazee wakasema basi, tunangoja.

Nilijiambia ni muhula mmoja. Mvua ikinyesha nitamwambia, watahama kiangazi kinachofuata, na wewe utakuwa umefika darasa la tatu. Alinituma nimjibu Metito. Ningelitia posta jibu lile, kwamba wanamngoja, Metito angenigundua, kwa hiyo sikulitia. Mvua zikaja, nikaogopa. Masika yakapita, nikajua kule korongoni kuna mtu amekwisha kuondoka.

Na kuna baya kuliko hilo. Mwaka uliofuata mama Sipora alianza kuunga silabi. Alikuwa amebakiza kidogo sana. Siku moja alisoma "mama" ubaoni peke yake, akanigeukia akicheka, nami nikaikumbuka barua iliyo shingoni mwake. Nikamwambia macho yake ni mabovu, apumzike, mimi nipo nitamsomea. Alinishukuru. Aliniletea maziwa. Mimi, mwalimu, nilimtoa darasani mwanafunzi wangu bora ili asijue kusoma. Halafu nikaomba uhamisho, na kwa miaka thelathini nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kizazi hiki ndicho kilichoua elimu.

Ulipoandika kwamba Neema hawezi mwandiko wa kuunga, nilishukuru Mungu. Nataka ulijue hilo pia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na wote niliowapitisha humo hawakujua kuwa wako njiani.

Yule anayesoma kichwani mwangu ni mimi. Anasoma ile niliyoitunga, ya kweli haisomi kamwe.

Mpe Neema mtamba wake. Na mama Sipora mwambie, au usimwambie. Sina haki ya kukuchagulia.

Swaumu


Oltepesi, Handeni
30 Mei 2024

Mwalimu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoandika shikamoo, mkono ulisimama. Nisamehe, leo nimeanza bila hiyo.

Nilimwambia Koko. Nilisubiri wiki tatu, nikamsomea barua yako kwa Kimaa, lugha yetu, yote, mpaka la macho mabovu. Hakuniamini. Alidhani mimi na wewe tumemhurumia Neema tukatunga. Akachukua simu yake, akabonyeza mwenyewe, akasema kwenye grupu: "Mimi ni Sipora wa Oltepesi. Namtafuta mwanangu Metito. Kama aliniita, aniambie." Maneno hayo tu. Watu wakayatuma mbele, na hao wakayatuma mbele.

Siku ya nne ikaja sauti ya mwanamume kutoka Kiteto. Anaitwa Joseph. Ni mtoto wa Metito. Alisema baba yao alifariki mwaka 2016. Alisema baba yao alikuwa amemjengea mama yake nyumba pembeni ya boma, na kila mwaka kabla ya mvua aliikandika upya kwa mkono wake, ingawa humo hakuwahi kulala mtu. Watoto walipouliza ni ya nani, alisema ni ya mtu aliyekasirika. Joseph akauliza, kwa adabu sana: "Koko, ulikuwa bado una hasira?"

Koko aliisikiliza mara tatu. Kisha akamwita Neema, akampa barua, akamwambia isome kama ilivyoandikwa. Neema alisoma mpaka mwisho bila kukwama. Koko akaenda zizini mwenyewe na fimbo yake, akamtoa mtamba, akamkabidhi. Alimwomba radhi mbele ya boma zima. Sijawahi kumwona mtu wa umri wake akimwomba radhi mtoto.

Tangu hapo hajalitaja jina la Metito hata mara moja. Unatujua, jina la aliyekufa halitamkwi. Miaka thelathini na mitatu alilitaja kila jioni, sasa nasikia anavyokamua kimya.

Mimi nikueleze nini? Ukame wa 1996 ulitukuta hapa, tukimngoja mtu. Ng'ombe waliobaki walikuwa saba. Mama yangu alikuwa mjamzito na maji yalikuwa yamesogea mpaka ng'ambo ya vilima. Alifia njiani, punda akarudi peke yake na madumu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nakumbuka siku ile nilikuwa shuleni, nasoma. Kila ninachokijua nilikipata kwenye darasa ulilolilinda kwa uongo ule. Nimejaribu kukichukia nimeshindwa, nimejaribu kukushukuru nimeshindwa zaidi. Naingia darasani nashika chaki, na nafikiri chaki hii imenunuliwa kwa mama yangu.

Uliandika kwamba anayesikiliza tu yuko chini ya mdomo wa mwenzake. Ni kweli. Sisi tulikuwa chini ya mdomo wako.

Maboma sita yanahama wiki ijayo kwenda Kiteto. Koko ameamua, na hakuna aliyembishia. Anasema ameitwa na amechelewa. Wanaondoka na watoto thelathini na saba wa shule yetu, Neema akiwa mmoja wao. Mimi nabaki mpaka Desemba na waliosalia. Neema amebeba barua zako zote. Anasema mwandiko wako ni mzuri.

Koko ana neno kwako. Nilimletea karatasi, akaisukuma. Alisema amechoshwa na karatasi. Amelisema kwenye simu, kwa Kiswahili, ili lisikilizwe na mtu wako yeyote. Amenikataza nisikuandikie alichosema, na nimemwapia. Nilipomkumbusha kwamba wewe ni kiziwi alijibu, "Atafute wa kumsikilizia. Mimi nilikuwa nimemtafuta wa kunisomea."

Nimelituma kwenye simu ya Ikram.

Ruthi


Manundu, Korogwe
2 Juni 2024

Ruthi,

Limefika.

Siku tatu nilikuwa nakiangalia kile kimstari. Nilimwambia Ikram asikibonyeze mpaka nimwambie. Ana cherehani yake barazani, anashona sare za shule msimu huu, na kila akiinua kichwa ananikuta nimeishika simu yake. Barua zako hajazisoma, sijawahi kumwonyesha. Alijua tu kwamba kuna mama mmoja wa Handeni niliyemkosea zamani.

Leo asubuhi nikamwambia, haya. Akavaa vile vidude vya masikioni. Nikakaa mbele yake, magoti yetu yakigusana, nimtazame uso. Si unajua, uso wa mtu anayesikiliza nao husomeka.

Mwanzo alitabasamu, nadhani mama Sipora alikuwa anasalimia. Kisha tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaondoka. Akatazama sakafu. Akaanza kuvuta uzi uliokuwa kwenye sketi aliyokuwa akiishona, akauvuta mpaka ukatoka mrefu. Katikati aliniangalia mara moja, haraka, kama mtu anayehakikisha kwamba aliyemjua ndiye huyo. Kimstari kilipofika mwisho hakuvivua vile vidude. Alikaa navyo masikioni hakuna kinachosema.

Nikamuuliza, "Amesemaje?"

Akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi, herufi kubwa ili nione vizuri: AMESEMA AMEKUSAMEHE MAMA. UWE NA AMANI.

Dakika sita na sekunde kumi, Ruthi. Niliona zikihesabiwa. Maneno yale mtu huyamaliza kwa pumzi moja.

Ningeweza kumpelekea mwingine asikilize. Filomena yuko, majirani wako, hata mtoto wa kidato cha pili masikio yake ni mazima. Lakini nilimtazama mwanangu na ule uso niliujua. Alikuwa hatetemeki. Alikuwa amesimama pale nilipokuwa nimesimama Agosti ile, karatasi mkononi, anayempenda yuko mbele yake anangoja, na ameamua ndani ya kufumba na kufumbua kipi kitakuwa kimesemwa. Sasa atakibeba yeye. Nimemrithisha bila hata kumfundisha.

Sitakuuliza alisema nini. Umeapa, na wewe ndiye pekee kati yetu ambaye neno lake bado lina uzito.

Nilikishika kitambaa nikakisoma tena, kidole kwenye mstari. Ikram alikuwa ananitazama aone kama nimeamini.

Nikamwambia, "Ahsante mwanangu. Umesoma vizuri."

Swaumu